Nani Atolewe?

Kompyuta yangu kuukuu ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, na mjukuu wangu ameiwekea Linux. Siku moja programu niliyokuwa nikiandikia ilizimika ghafla, nikapoteza kurasa tatu. Nikadhani nimebonyeza vibaya.

"Hapana, Babu," akasema mjukuu, "imeuawa."

Akanieleza. Kumbukumbu ikielekea kujaa, kiini cha mfumo huhamishia kwenye diski yale yasiyoguswa kwa muda. Nafasi hiyo vijana huiita swapu. Diski ni ya polepole, kwa hiyo kazi huzorota, lakini hafukuzwi mtu. Nayo ikijaa, kiini huipa kila programu alama, na kwa kawaida ile inayokula kumbukumbu nyingi zaidi ndiyo huondolewa ili nyingine zipone. Msimamizi aweza kuikinga aipendayo kwa kuipa -1000.

Akaongeza swapu ya gigabaiti 4, tatizo likaisha. Mimi usiku ule sikulala.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwaka mmoja mabweni yalifurika. Nikamrudisha kwao kijana mwenye deni kubwa la ada kuliko wenzake, nikaiita hiyo haki. Wawili wenye madeni niliwakinga. Niliwafahamu baba zao. Kiini cha Linux angalau hakina marafiki.

Lakini linalonisumbua, ndugu msomaji, si hilo hasa. Nyuma ya jiko palikuwa na bohari la zamani, linalovuja. Kulisafisha kungetuchukua siku mbili. Angelala humo kwa taabu, lakini angesoma. Ufunguo wake ulikuwa mezani kwangu.