Nani Amtoe Motoni?

Mtoto mwenye kifafa aangukapo penye mafiga, watu hukimbia. Lakini wengine hukimbilia mlangoni. Si kwamba wana moyo wa jiwe. Wamefundishwa tangu utoto ya kuwa mate ya mgonjwa na povu la kinywa chake huhamisha ugonjwa. Basi yafaa tuulize: mtu asiyejua asili ya ugonjwa, je, ana ruhusa ya kujiepusha na mgonjwa mpaka ajue?

Sisi tukaao Kidatu na bonde la Kilombero hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Ng'ambo ya mto, katika milima ya Mahenge, daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha matibabu ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto. Akaona na jambo geni: baadhi ya watoto waliinamisha kichwa mara kwa mara, kana kwamba wanasinzia. Miaka mingi baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana Sudani Kusini na kaskazini ya Uganda.

Asili yake ni nini? Hata leo wataalamu hawajamaliza kusema. Wameona kwamba huwapata zaidi watu wa karibu na mito iendayo kasi, ambako nzi wadogo weusi huzaliana na kueneza minyoo ya usubi. Lakini jinsi minyoo hiyo idhuruvyo ubongo haijathibitika. Mwaka 2017 watafiti walitoa wazo kwamba mwili, ukipigana na minyoo, huupiga na ubongo wake wenyewe, kama mlinzi ampigaye mwenye nyumba gizani. Wazo hilo lingali likibishaniwa.

Angalieni basi. Daktari yule hakuijua asili, wala hakungoja. Alitoa vidonge vya kuzuia kifafa, na wengi wakapata nafuu. Aliyekimbia naye hakuijua, ila aliiita hofu yake maarifa.

Mtu atasema, "Baba hana budi kuilinda nyumba yake." Ni kweli, wala hofu ya wazee haikuwa upuuzi mtupu, walihisi kwamba kuna kitu kihamacho. Lakini yaelekea kitu hicho huletwa na nzi, wala si kwa mate. Basi hadhari yetu iwe mtoni, na katika kumeza dawa ya usubi igawiwapo, isimwangukie mtoto.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ninyi walimu wa sharika, mzijuao nyumba zenye mtoto aliyefichwa, enendeni mkawaambie wazazi wampeleke hospitali, wala wasiikatishe dawa yake ghafula. Na sahani yake irudishwe pamoja na za wenziwe leo hii, pasipo kungoja wataalamu wamalize hoja yao.