Bitcoin: Mali ya marehemu isiwe sadaka ya wasiojulikana



Vijana wetu wa mjini wamekuwa wakiniuliza swali moja kila baada ya darsa: “Ustadhi, hii Bitcoin ni halali au haramu?” Swali ni zuri. Anayeuliza kabla ya kuingia ni bora kuliko anayeingia kisha akatafuta fatwa ya kumfurahisha. Lakini nimebaini kuwa wengi wanataka jibu la neno moja tu, na wakilipata wanakwenda zao. Nyuma ya swali hilo kuna mengine mazito ambayo hayaulizwi. Ukifa usiku wa leo, mali hiyo ataipata nani? Zaka yake unaitoaje? Na fedha uliyoiingiza humo ilikuwa ya nani? Leo, inshaallah, tuyatazame hayo, na tuanze na waliotangulia kuitumia sarafu hii, kwani matatizo yake waliyaona wao wenyewe mapema.

Waanzilishi waliona nini

Tarehe 31 Oktoba, 2008, wakati mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yakiyumba, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto alisambaza waraka wa kurasa 9. Alipendekeza fedha itakayotumwa na mtu kwa mtu bila kupitia benki. Januari 3, 2009 daftari la sarafu hiyo likafunguliwa. Hadi leo haijathibitika Satoshi ni nani, wala kama alikuwa mtu mmoja au kundi.

Utaratibu wake, kwa ufupi, ni huu. Badala ya benki moja kutunza hesabu za watu, maelfu ya kompyuta duniani zinatunza nakala ya daftari lile lile. Kila baada ya dakika 10 hivi unaongezwa ukurasa mpya wa malipo. Mwenye kompyuta iliyofanikiwa kuufunga ukurasa huo analipwa sarafu mpya. Mwanzoni alilipwa 50, na malipo hayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka minne hivi, mpaka jumla ya sarafu zote ikaribie milioni 21. Huko ndiko wanakoita “kuchimba”. Na mwenye mali hatambulikani kwa jina wala kitambulisho, bali kwa ufunguo wa siri, yaani tarakimu ndefu anayoijua yeye peke yake.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa alikuwa Mmarekani Hal Finney. Januari 12, 2009, alitumiwa na Satoshi sarafu 10. Baadaye alieleza kuwa aliacha kuchimba kwa sababu kompyuta ilikuwa inapata moto na kelele za feni zilimkera. Oktoba 2009, walipotaka kujua sarafu hiyo ina thamani gani, mmoja wao alipiga hesabu ya umeme uliotumika kuichimba, akapata kuwa dola moja ni sawa na sarafu 1,309.

Mei 22, 2010 mtaalamu wa kompyuta wa Jacksonville, Florida, aitwaye Laszlo Hanyecz, alipata pizza mbili kwa sarafu 10,000. Hadithi hii vijana wanaipenda sana, lakini wanasahau sehemu moja yake. Mwenye duka la pizza hakupokea hata sarafu moja. Kijana wa California ndiye aliyezichukua, naye akalilipa duka kwa dola. Yaani hata siku hiyo ya kihistoria, chakula kilinunuliwa kwa fedha ya kawaida.

Wenyewe walilijua tatizo hili. Julai 2010 walijadiliana kuhusu mashine ya kuuza vitafunio: mteja anayetaka soda atasimama dakika 10 akisubiri malipo yake yaandikwe daftarini? Agosti mwaka huo huo kosa moja katika programu lilizaa sarafu zaidi ya bilioni 184 kwa mkupuo, ilhali kikomo ni milioni 21. Waliliona haraka, wakalirekebisha ndani ya saa chache. Tunajifunza kuwa hata sarafu inayosifiwa kuwa haitegemei mtu, ilikuwa na watu nyuma yake, na watu hao walikuwa wakikosea.

Sarafu iliyopotea

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika mijadala hiyo ya 2010 liliulizwa swali: mtu akipoteza ufunguo wake, itakuwaje? Jibu la Satoshi, kwa maana yake, lilikuwa kwamba sarafu zilizopotea zinazifanya za wengine zipande thamani kidogo, basi zihesabiwe kuwa ni mchango kwa wote.

Ndugu zangu, kwa hesabu za soko huenda jibu hilo ni sahihi. Lakini hebu tulipime kwa mizani ya sharia. Sadaka ni tendo la mtu aliyenuia. Asiyenuia hajatoa sadaka, amepotelewa. Katika Uislamu, aliyeokota mali ya mwenzake hatakiwi kufurahi kuwa amezidi utajiri. Mtume (s.a.w.) ameelekeza atambue alama za kitu hicho, kisha akitangaze mwaka mzima. Na ikiwa mwenye mali amefariki, basi mali ile si ya soko, si ya walimwengu, ni ya warithi wake. Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa amelitaja kila fungu kwa kiwango chake: mke thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Mgawanyo huo hakumwachia mfalme wala kadhi aupange atakavyo. Je, tuuache upotee kwa sababu ya tarakimu zilizofia kifuani mwa marehemu?

Hili si jambo la kufikirika. Desemba 2018 alifariki huko India mwenye kampuni ya QuadrigaCX ya Canada, iliyokuwa ikiwatunzia watu sarafu hizi. Ikaelezwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na funguo. Maelfu ya wateja wakabaki wanalia. Mwaka 2020 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Ontario wakatoa ripoti kuwa sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa imeshapotea kwa udanganyifu wa mwenye kampuni tangu yungali hai.

Kinyume chake mtazame yule Hal Finney. Alipatwa na maradhi ya kupooza yaliyomlaza kitandani hadi kufariki Agosti 2014. Lakini mwaka 2013 alikuwa ameshaeleza kuwa sarafu zake ameziweka katika sanduku la amana benki, na kwamba watoto wake wana ujuzi wa teknolojia. Mtu asiyekuwa Muislamu aliwafikiria warithi wake. Sisi tuliofundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asipitishe masiku mawili bila wasia wake kuwa umeandikwa, tuna udhuru gani?

Wapo watakaosema dawa ni kumpa mwingine akutunzie. Nayo ina hatari yake. Kampuni ya Mt. Gox ya Tokyo ilikuwa kubwa kuliko zote ulimwenguni, lakini Februari 2014 ilifilisika huku sarafu zipatazo 850,000 zikiwa hazionekani. Sehemu yake ilipatikana baadaye, na wadai walianza kurejeshewa Julai 2024, baada ya miaka kumi. Novemba 2022 ikaanguka FTX kwa namna hiyo hiyo. Ufunguo ukibaki nao unaweza kufa nao, na ukimpa mwingine umempa amana mtu usiyemjua.

Wanazuoni wamesema nini

Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Mwaka 2017 mamlaka ya dini ya Uturuki, Diyanet, ilisema haifai kwa wakati huo, na Darul Iftaa ya Misri nayo ikakataza. Mwaka 2021 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema ni haramu kuitumia kama sarafu. Kwa upande mwingine, baraza la sharia la Tume ya Masoko ya Mitaji ya Malaysia mwaka 2020 liliruhusu kuuza na kununua mali za aina hii kwa masharti. Wanaokataza wanataja garari, yaani utata wa kutojua unachokinunua, na sura ya kamari. Wanaoruhusu wanasema watu wameikubali kuwa mali, na mali asili yake ni halali.

Mjadala kuhusu sarafu mpya si mgeni katika Uislamu. Imepokewa kuwa Umar bin Khattab (r.a.) aliwahi kufikiria kutengeneza dirhamu kwa ngozi za ngamia. Akaambiwa, basi ngamia watakwisha, naye akaacha. Na Imam Malik alisema maana yake kuwa watu wakikubaliana kutumia ngozi kama fedha, basi angechukia ngozi hizo ziuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kucheleweshana. Yaani fedha haiwi fedha kwa sababu ya madini tu. Watu wakishaifanya fedha, hukumu za riba na za kubadilishana mkono kwa mkono zinaifuata.

Kwa upande wa serikali, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Pamoja na hivyo, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Anayeingia asidhani yuko porini asikoonekana.

Nasaha kwa waliomo na wanaotaka kuingia

Mimi si mufti, na anayetaka fatwa aende kwa wenye elimu anaowaamini. Lakini yapo mambo ambayo pande zote mbili hazitofautiani.

Kwanza, usiingize fedha ya amana. Fedha ya yatima, ada ya watoto, akiba ya kikundi, mkopo, hizo si zako kuzichezea. Novemba 2021 sarafu moja ilipita dola 68,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Aliyekopa akanunua juu, deni lake halikushuka pamoja na bei.

Pili, anayekuahidi faida ya uhakika kila mwezi kwa kuleta watu wapya, huyo si muuza sarafu, ni mcheza upatu. Tuliyaona ya DECI mwaka 2009, wala hapakuwa na kompyuta yoyote ya ajabu. Jina likibadilika, dhulma ni ile ile, na Qur'an imetukataza kuliana mali zetu kwa batili.

Tatu, toa zaka. Ukiihesabu kuwa ni mali siku ya kuuza, basi ni mali pia siku ya zaka. Mwaka ukitimia, itazame bei ya siku hiyo, ujumlishe na mali zako nyingine, na ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu utoe asilimia 2.5.

Nne, na hili ndilo nalisisitiza, andika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Wahenga nao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kuwa unayo, ipo wapi, na inafikiwaje. Ufunguo wenyewe usiuache wazi. Uweke katika bahasha iliyofungwa, mahali pa salama, na watu wawili waaminifu wajue bahasha ilipo. Kisha mwambie mkeo au mumeo kuwa mali hiyo ipo. Utakuta kijana anamficha mkewe kwa hofu ya kuombwa. Akifa, amemdhulumu kwa kumnyima thumni yake, na wazazi wake kwa kuwanyima sudusi yao.

Kabla hujauliza tena kama Bitcoin ni halali, fungua karatasi yako ya wasia utazame kama imo. Kama hata karatasi yenyewe huna, basi anzia hapo, usiku huu huu.

Allah (s.w.) atuwafikishe kuchuma kwa halali, kutoa haki ya mali tulizonazo, na kuwaachia warithi wetu kilicho chao.

Wabillahi tawfiq.