Talaka haivunji ubaba



Hapa Pemba ndoa ikivunjika, mama hurudi kwao na watoto. Baba akishapeleka mchele na pesa za skuli, husema: "Wajibu wangu nimemaliza." Mimi, mwalimu wa dini, nilisema hivyo hivyo baada ya kuachana na mke wangu. Hadi siku mwanangu alipokutana nami njiani akaniamkia: "Shikamoo, mwalimu." Hakuniita baba.

Nikairejea Suratul Baqara, aya ya 233. Inamtwika baba chakula na mavazi, kweli. Lakini inakataza pia mama au baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto, na hata kumwachisha ziwa inataka wazazi washauriane na waridhiane. Ikiwa ziwa lina shauri, je, skuli, maradhi na sala za mtoto?

Kwa madhehebu ya Shafi, tunayofuata wengi visiwani, hadhana ni ya mama mpaka mtoto apambanue mambo, kiasi cha miaka 7, kisha huchagua. Atamchaguaje baba asiyemjua?

Wapo pia akina mama wanaomficha mtoto baba akipiga hodi. Hiyo nayo ni dhulma. Kadhi anaweza kuamuru matumizi. Hawezi kuamuru mapenzi.

Sasa kila Alkhamisi jioni namfuata mwanangu, tunasoma pamoja. Mara nyengine bado huniita mwalimu. Nimejitakia mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.