Kila Jua na Kipimo Chake

Mbingu zikitakata juu ya Likoni mwezi wa Juni, yapata saa tatu za usiku, tuelekeze nyuso zetu kusini, tutazame kazi ya Muumba. Pale pana Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili zing'aazo. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri, jirani ambaye nuru yake hutufikia baada ya miaka minne na ushei. Jicho laona moja, kumbe ni majua mawili yanayozungukana kwa takriban miaka 80, umri wa mzee aliyekula chumvi nyingi, wala hayagongani wala hayaachani. La kwanza limelizidi Jua letu uzito kwa chini ya sehemu moja ya kumi. La pili limepungukiwa kwa kadiri hiyo hiyo. Mizani iliyoje!

Lakini nani alifika huko na kamba ya kupimia? Abiria wa feri avukaye Kilindini huuona mlingoti wa jahazi la karibu ukihama mbele ya minazi ya ng'ambo, ilhali aliyehama ni yeye. Ndivyo Dunia inavyotuvusha, miezi sita upande huu wa Jua na miezi sita upande ule, na nyota ya jirani ikaonekana kusogea kidogo mno mbele ya zile za mbali. Kwa msogeo huo Thomas Henderson, aliyeitazama Alpha Centauri kutoka Rasi ya Tumaini Jema, alitangaza umbali wake mwaka 1839.

Dalili ya mvua ni mawingu, na habari za nyota zimo ndani ya nuru yake. Rangi yasimulia joto. Mistari myembamba ya giza katika nuru hiyo yataja chuma na sodiamu, vitu vile vile vilivyomo katika damu yetu na katika chumvi ya bahari yetu.

Tena aijuaye nyota huijua na sayari yake, kwani sayari huivuta nyota ikayumba, na uzito wa kinachovuta haujulikani pasipo kuujua uzito wa kinachovutwa. Kalausi, nyota iliyopewa jina na Wakenya mwaka 2019, iko umbali upitao miaka 130 ya nuru, hata macho matupu hayaioni. Lakini kuyumba kwake kumefichua sayari yake, Buru, inayoizunguka kwa siku tatu tu.

Basi, ndugu msomaji, wewe wa Kisauni nawe wa Changamwe, usiku ukiwa mweupe watoe watoto uani, uwaonyeshe majua hayo. Waambie kila moja limepewa uzito wake, joto lake na njia yake, kisha mshukuruni pamoja Aliyeyapima kabla yetu.