Gonga, Kisha Usikilize

Mwanangu, jana uliponiambia kwamba ile Land Rover 109 ya mteja wako wa Pangani utaimaliza kwa siku mbili, sikukujibu. Nilikuwa nimechoka, na neno nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa mbele ya mteja. Leo nimepumzika kidogo. Kaa, tuseme.

Ulipokwenda kununua rodi nililala chini ya gari lile. Mabega yangu siku hizi hayaipendi sakafu, lakini nililala. Nikachukua nyundo ndogo nikagonga chesisi kuanzia mbele, kidogo kidogo, kama nilivyokufundisha. Mbele chuma kililia kama ile rimu inayoning'inizwa shuleni badala ya kengele. Chini ya mlango wa dereva kikalia bado. Nilipofika kwenye kishikio cha springi ya nyuma, upande wa kushoto, sauti ikazama, kama mtu anayegonga gunia la unga. Nikachokoa kwa bisibisi. Iliingia mpaka kwenye mpini bila kusukumwa, na kutu ikanimwagikia shingoni pamoja na mchanga mweupe wa baharini. Gari lile limebeba samaki, limeshuka ufukweni kila alfajiri, na maji ya chumvi yamechuruzika humo mwaka baada ya mwaka. Je, wewe uligonga? Au ulitazama tu?

Mwenye gari anaona bodi, na bodi ya Land Rover humpa matumaini yasiyo na msingi. Waingereza walipolitoa gari hili mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, chuma kilikuwa cha kugawiwa, aluminiamu ndiyo iliyopatikana. Bodi wakaifanya ya aluminiamu, chesisi ya chuma. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Basi milango inabaki imenyooka, boneti inang'aa kwa rangi mpya, na chini yake mifupa inaoza. Chesisi yenyewe ni pleti nyembamba, milimita mbili hivi, zilizochomelewa zikawa sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope linaingia kwa matundu na kutulia humo. Nje jua linakausha, ndani unyevu unabaki, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona kivimbe kidogo kwenye rangi, upande wa pili chuma kimekwisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukueleza miaka yote uliyokaa kwangu. Nilikuwa na umri kama wako. Alikuja mtu na 109 iliyokuwa ikipandisha abiria na mizigo kutoka Mombo kwenda Lushoto, njia ile ya kona juu ya kona. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimeliwa, palepale pa hili lako. Yeye alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na njaa ya kazi. Nikapitisha brashi ya waya, nikaweka pleti juu ya kutu, nikachomelea pande zote nne, nikapaka puti na rangi nyeusi. Ilipendeza. Miezi michache baadaye kishikio kiling'oka kwenye kona, ekseli ikakaa upande. Dereva alikuwa mtu mzima wa kazi yake, akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima badala ya kuliachia bonde. Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mkono, na mpaka leo nikimwona mwanamke aliyebeba kikapu kwa mkono mmoja, mwingine kaukunja kifuani, huwa namtazama mara mbili.

Gari liliporudishwa niliingia chini yake. Mshono wangu ulikuwa mzima. Pleti yote ilikuwepo, haina hata ufa, na imezungukwa na ukanda mwembamba wa kutu uliochanika kama ukingo wa karatasi iliyolowa. Nilikuwa nimechomelea vizuri kabisa, ila nilichochomelea hakikuwa chuma tena.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba, sawa. Ufa wa chesisi hauzibwi, hukatwa. Kata mpaka ufike penye chuma cheupe chenye unene wake, kisha songa mbele vidole viwili zaidi. Utasikia uchungu kuona tundu linavyokuwa kubwa, na mteja atapiga kelele kwamba unaliharibu gari lake. Vumilia. Rodi ikigusa chuma kilicholiwa hutoboa, na kila ukijaribu kuziba, tundu linakua. Nimewaona mafundi wakiigombeza mashine kwa jambo hilo, na mashine haina kosa.

Lakini kabla ya kukata, pima. Hapa ndipo siku mbili zako zinapokwisha, na ndipo nisipotaka uharakishe. Weka gari kwenye stendi juu ya sakafu iliyonyooka, stendi zishike penye chuma kizima, uhakikishe kwa pima maji. Teremsha timazi kutoka kwenye tundu la boliti upande wa kushoto, tia alama ya chaki sakafuni. Fanya hivyo kulia, mbele na nyuma. Halafu vuta uzi kwa mshazari, kona hii mpaka kona ile, na mshazari wa pili. Mishazari hiyo miwili ikiwa sawa, chesisi imenyooka. Ikipishana, gari limewahi kugongwa au limelala upande, na ukichomelea hivyohivyo utakuwa umeufunga upindaji ndani ya gari, liende barabarani kama kaa. Ukishapima, funga chuma cha muda kati ya pande mbili, ili upande utakaoukata usishuke kwa uzito wake.

Pleti uliyonunua nimeiona pia. Ni nene mno, mwanangu. Najua umeichagua kwa nia njema, ukidhani unene ndio uimara. Chesisi hujipinda kidogo kila gurudumu linapoingia shimoni. Ukibandika kipande kigumu katikati ya chuma laini, pale penye pleti hapatajipinda tena, mzigo wote utahamia ukingoni mwake, na ufa utaanzia hapo. Tafuta pleti ya unene uleule, au izidi kidogo sana. Ncha zake zikate mshazari, pembe uzizungushe, mshono usiikate chesisi kwa mstari mmoja ulionyooka kama msumeno. Chomelea vipande vifupi, hapa kidogo, kule kidogo, uache chuma kipoe chenyewe. Usimwagie maji.

Tangi la mafuta litoke, lipelekwe mbali. Usiniambie halina kitu, maana tangi tupu lenye mvuke wa petroli ndilo linalolipuka vibaya zaidi. Betri itoe. Na usithubutu kutumia bati lenye zinki bila kulikwangua. Moshi wake mweupe ulinilaza na homa usiku kucha nikiwa kijana. Maziwa tunayokunywa mafundi hayawezi kuchukua nafasi ya hewa. Fanyia kazi nje, upepo ukupitie.

Ukimaliza, matundu ya kutolea maji yazibuliwe, wala usiyazibe kwa pleti mpya. Rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani ya sanduku nyunyiza mafuta mazito au nta mpaka yatokeze kwenye maungio.

Namba ya chesisi iko kwenye kishikio cha springi ya mbele kulia. Pale grenda isifike. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, na ikipotea mwenye gari atasumbuka kuthibitisha kwamba mali ni yake.

Ukikata ukakuta pande zote mbili zimeliwa, simamisha kazi. Uingereza kuna wanaotengeneza chesisi mpya za magari haya, zilizochovywa kwenye zinki, lakini bei yake na usafiri si ya mvuvi. Hapa kwetu utatafuta chesisi nzima ya gari lililokufa bara, mbali na chumvi, na karatasi zake ziwe halali. Isipopatikana, mwambie lisibebe tena watu. Atakasirika. Huenda akalipeleka gereji nyingine na wao wakalifunika. Hilo litakuuma, najua, kwa sababu una watoto na kodi ya banda inakaribia. Mimi kodi ile nililipa kwa pesa ya mtu wa Lushoto.

Kesho nitakuja asubuhi na timazi yangu, hiyo yako uzi wake umekatika. Mwite mteja naye aje. Usimweleze mengi. Mpe bisibisi, mwonyeshe pale kwenye kishikio, umwache aichomeke mwenyewe.