Sandwichi ya Dakika 10 na Deni la Uhai

Kifua cha kuku kikikatwa vipande vyembamba, kikapakwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, huiva kikaangoni kwa dakika chache. Ukikiweka kati ya slesi mbili za mkate pamoja na kachumbari, mlo uko tayari. Wepesi huo ni neema kwa mtu aliyerudi nyumbani amechoka, na chakula hakiwi halali zaidi kwa sababu mpishi ametaabika. Lakini ndani ya mkate ule mna uhai uliokatishwa. Je, mlo ukiwa mwepesi kuuandaa, deni letu kwa kiumbe aliyechinjwa nalo hupungua? Naamini halipungui, linachofanya ni kujificha, na deni lililojificha ndilo linalohitaji kukumbukwa zaidi.

Dini zetu hazikuruhusu nyama bila masharti. Mchinjaji wa Kiislamu hutaja jina la Mwenyezi Mungu, na mafundisho ya Mtume yanamtaka anoe kisu chake ili mnyama asiteseke. Katika kitabu cha Mwanzo, Nuhu na wanawe wanaruhusiwa nyama, ila wanakatazwa kuila pamoja na damu, kwa kuwa damu ni uhai. Masharti hayo yanamkumbusha mlaji kwamba uhai si mali yake. Aliyemkamata kuku uani, akamchinja, akamtia maji ya moto na kumnyonyoa, hakuhitaji kukumbushwa. Leo kifua hununuliwa kikiwa hakina ngozi wala mfupa. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 6 hivi, ilhali wa kienyeji hulelewa kwa miezi kadhaa. Haraka ya jikoni imetanguliwa na haraka ya bandani, na zote mbili hazionekani mezani.

Atasema mtu kwamba kuku ameumbwa aliwe, basi yanini kujitwisha mzigo? Jibu ni kwamba ruhusa yenye masharti haigeuki kuwa uhuru wa kupuuza. Mwingine atasema mama mwenye watoto wenye njaa hana nafasi ya falsafa. Ni kweli kwamba hana muda wa ziada, na wajibu wa kulikumbuka deni hilo haumdai muda: kununua kiasi kinachotosha na kutotupa kilichobaki hakumcheleweshi, tena kunamwokolea fedha. Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya wanaofuata fikra za Peter Singer, aliyetoa kitabu chake cha kutetea wanyama mwaka 1975: kama unajali mateso ya kuku, acha kumla. Naiheshimu hoja hiyo, na anayeacha nyama kwa sababu hiyo hastahili kubezwa. Hata hivyo, haimwondolei wajibu anayeendelea kula, inauzidisha.

Kwa hiyo, kwa mwenye deni hilo, shukrani ya mdomo peke yake haitoshi. Anayesema “Bismillahi” au kufumba macho kusali, kisha akatupa nusu ya sandwichi jalalani, ametamka shukrani na kuikana kwa mkono. Shukrani kamili humfanya mlaji aulize kuku alilelewaje na kuchinjwaje, achemshe supu kwa mifupa akinunua kuku mzima, na ale nyama kwa kiasi. Hayo yanawezekana hata katika mlo wa dakika 10, na ndiyo yanayotofautisha kula kwa haraka na kula kwa kughafilika.