Kukumbuka na Kudhani

Kijana mmoja niliyemsomesha alinijia na jambo nililolidhania la kitoto. Anautafuta mchezo aliokuwa akiucheza utotoni katika kompyuta, ndani ya ukurasa wa intaneti: ngome, mchawi, na daraja linalovunjika. Jina limempotea. Michezo mingi ya namna hiyo ilitegemea programu ya Flash, ambayo Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Tangu 2018 wapo wanaojitolea kuihifadhi katika hazina iitwayo Flashpoint. Lakini hazina yamfaa nini asiyejua jina la akitafutacho?

Wenzake wakamwambia, "Ni AdventureQuest, ule wa 2002." Mara akaanza kukumbuka na joka. Nikamwuliza, "Joka uliliona siku zile, au umeliona baada ya kuambiwa?" Akanyamaza kitambo.

Basi hapo ndipo penye mas'ala. Je, huyu amesema uwongo? Mimi simwiti mwongo. Lakini ni wajibu wake kutenga yakini na dhana, hata katika mchezo, kwani ulimi uliozoea kusema "nakumbuka" mahali pa "nadhani" hautabadilika siku ya kuitwa shahidi. Na aliyemtajia jina kwa kubahatisha, ili amfurahishe tu, karibu amkatishe kutafuta.

Tukachukua karatasi. Upande huu tukaandika daraja na ngome, upande wa pili joka. Mchawi ndiye aliyetuchelewesha.